Squoosh: nimeipima kwa jina la leso

Nauza leso Mombasa, hatua chache kutoka Mtaa wa Biashara, na tovuti yangu ilikuwa haifunguki mpaka ibembelezwe. Mteja wa Malindi akanipigia: "Dadangu, bado naona pindo la juu tu, na bando laniishia." Hakukosea. Fundi wa tovuti alizipachika picha vilevile zilivyotoka kwenye simu: upana wa pikseli 4000, MB 5 kila moja, na ukurasa wa kwanza una kumi na mbili.

Squoosh ni programu ya bure kutoka kwa watu wa Chrome wa Google. Picha hubanwa kwenye kifaa chako mwenyewe, haipelekwi popote, kwa hivyo bando haliliwi. Unaweka picha, unapunguza upana (mimi 1200), unachagua WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi kwa tovuti. Katikati ya skrini kuna mstari: upande huu picha ya asili, upande wa pili iliyobanwa. Usukume polepole.

Nilianza na leso nyeupe yenye maandishi mekundu, "Wema hauozi". Kwa ubora wa 75 ilishuka hadi KB 190, na mji, ile sehemu ya katikati ya leso, ulikuwa safi kabisa. Nikausukuma mstari mpaka kwenye jina, yaani hayo maandishi: herufi zimetota kama leso ya kuchuja rangi! Kumbe WebP hubana rangi kuliko inavyobana mwanga na kivuli, na wekundu ndio huumia kwanza. Kwenye mipangilio ya ziada kuna kisanduku cha kugeuza RGB kuwa YUV kwa ukali zaidi, yaani kutenganisha mwanga na rangi kwa uangalifu. Nilipokitia alama, jina likasomeka, na uzito ukaongezeka kidogo tu.

Nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu inabana picha moja moja. Leso arubaini zilinila usiku mbili.

Kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, picha kubwa ya kwanza ilikuwa ikichukua sekunde 9.4, sasa 2.8. Google yataka isizidi 2.5, bado nasukumana nayo.

Majina ya faili Squoosh haikugusii, ni kazi yako. IMG_2041 nikaiita leso-kisutu-nyekundu, na maelezo ya picha nikayaandika kwa maneno ambayo mteja angetafutia. Wiki kadhaa baadaye akapiga mama wa Nairobi, kaiona kisutu, leso ya harusi, kwenye picha za Google, anaozesha. Alitaka pea nne. Nilikuwa nimebakisha mbili.