Ndoo ya rangi ndani ya mtumbwi, mi nimeikubali

Juzi tumevuka kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, kwa mtumbwi, upepo wa kusi unapiga balaa, maji yanaturukia mpaka kifuani na jamaa mmoja kazi yake ni kufua maji tu, kuyachota na kuyamwaga nje, ndo nikajua kipi kinafaa kukinga mizigo isilowe na kipi maigizo. Ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye mfuniko wa kugongea, nimeipata kwa fundi kwa buku tatu, mdomoni nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, simu, nguo na unga vyote vimefika vikavu kabisaaa, na njiani unaikalia kama kigoda. Ifunge kamba tu kwenye mtumbwi, ukipinduka yenyewe inaelea. Ubaya wake harufu, nimeosha mara tatu wapi, mikate usithubutu.

Mwenzangu alikuja na mfuko wa taka ndani ya kiroba, rahisi kweli ila ndoano moja tu ikautoboa, shuka chapachapa. Begi la zipu la bei mbaya nililoagiza mtandaoni ndo sitaki hata kulisikia, chumvi imekula zipu safari ya pili tu, hela yangu jamani!