TAHADHARI: Ekzosi za pikipiki za theluji zinazouzwa kama "za kauri"

Wakuu mlioko Minnesota, Maine, Alberta na kwingine kunakoendeshwa pikipiki za theluji, baridi ikikaribia matangazo haya hufumuka: ekzosi ya tustroku (injini ya mipigo miwili) "imepakwa kauri, inaongeza farasi 15, funga uende". Kuna wanaouza kwa maneno hayo bomba kuukuu lililopuliziwa rangi ya kopo ya kuhimili joto.

Ahadi ya farasi ndiyo inayowaumbua. Kauri haizalishi nguvu. Inazuia joto lisitoke nje ya bomba, basi, na faida yake kubwa ni kwamba boneti, mkanda wa klachi na hewa inayoingia kwenye injini havichemki. Lakini bomba la tustroku hupangwa ili mawimbi ya moshi yarudi kwenye silinda kwa wakati wake, na moshi ukibaki na joto zaidi, mawimbi hayo hukimbia zaidi. Ukipanda kutoka 500°C hadi 550°C, kasi inaongezeka kama asilimia 3: bomba lililopangiwa mizunguko 8,000 kwa dakika sasa linataka karibu 8,250. Klachi, inayojiendesha yenyewe kwa vyuma vya uzito vinavyozunguka, haina habari. Inaishikilia injini palepale 8,000, na nguvu inaweza hata kupungua. Dawa ni kupunguza uzito wa vyuma hivyo, gramu 1 au 2 kila kimoja, kisha kupima tena. Kwenye pikipiki za chapa ya Ski-Doo zenye klachi iitwayo TRA, kusogeza skrubu zake za kurekebishia namba moja juu huleta mizunguko kama 200. Tena zile zenye sensa ya joto kwenye bomba, kompyuta hupanga muda wa cheche kwa kuisoma. Sasa mtu anayekwambia "funga uende" anajua alichopaka hakibadilishi kitu, au hajui kazi.

Msidanganywe pia na video ya kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, inayolinganisha bomba lililopakwa na lisilopakwa. Kifaa kile kimewekewa hesabu ya uso mweusi usiong'aa. Kielekeze kwenye bomba la rangi ya fedha linalometameta, namba inaporomoka hata kama joto ni lilelile. Mwambie apake doa jeusi, lisilong'aa, kwenye mabomba yote mawili, apime hapo.

Hela utatafuta nyingine. Pistoni ni kesi kubwa zaidi. Kauri ya kweli hutanguliwa na kuchoma oili na masizi ya ndani, kisha kupiga bomba mchanga, ndipo linapakwa na kuokwa kwenye oveni. Asiyechoma oili, ukiwasha tu oili inavuja kwenye viungio vya kuchomelea na rangi inatoka malengelenge. Asiyeziba midomo wakati wa kupiga mchanga, chembe zinabaki ndani, na kwenye tustroku wimbi hurudi kuelekea silinda. Zinarudi nalo. Ringi na ukuta wa silinda vitakwaruzika.

Kabla ya kulipa, chovya pamba kwenye asetoni usugue nyuma ya kishikio cha springi. Rangi ikitoka, ondoka. Isipotoka bado si ushahidi kamili, kwa hiyo mwombe picha ya bomba likiwa tupu baada ya kupigwa mchanga, na akutajie joto la oveni na muda. Kisha liinamishe juu ya karatasi nyeupe, ligonge kwa nyundo ya mpira kuanzia kwenye tumbo (sehemu nene ya katikati) hadi mdomoni, ulitazame karatasi. Mdomo wa duara unaokaa kwenye gasketi uwe safi bila rangi, la sivyo utavuja moshi.