Viwango vya skwoshi ya wawili wawili: wastani wa pointi au Elo?

Katika mfumo wa wastani, kila mchezaji hupewa pointi zote za hatua ambayo timu yake imefikia. Jumla ya wiki 52 hugawanywa kwa idadi ya mashindano, na hapo kigawanyo cha chini, yaani idadi ndogo kabisa ya kugawia hata kwa aliyecheza mashindano machache, ndicho kila kitu. Aliyepata 600, 400 na 200 ana wastani wa 400. Kigawanyo cha chini kikiwa 5, anabaki na 240. Bila kikomo hicho, mtu hushinda shindano moja kisha akakaa pembeni kulinda nafasi yake.

Elo, mfumo unaoongeza au kupunguza alama za mchezaji baada ya kila mechi, humtazama mpinzani. Wenzi wenye 1700 na 1500 huhesabiwa kama timu ya 1600. Wakikutana na timu ya 1400, tofauti ya 200 huwapa matarajio ya kushinda ya 0.76, yaani asilimia 76. Kizidishi, yaani kikomo cha alama zinazoweza kubadilika katika mechi moja, kikiwa 32, wakishinda kila mmoja huongeza takriban 8. Wakishindwa, hupoteza 24. Shida huja wenzi wasipobadilishana kamwe: hupanda na kushuka pamoja, na pengo kati yao halipimwi tena.

Wenzi wakibadilika kila wiki, Elo ni bora zaidi. Kwa kupanga droo tungechukua wastani, maana mchezaji anaweza kuukagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi.