Ndege ya povu ya "chini ya gramu 250": mashine tamu, ila boksi lake halijui Dodoma

Kuna mdau kila tukionana ananiuliza maswali mawili, ile ndege yangu ya rimoti inafaa au haifai, na je akinunua kama ile hatasumbuliwa na watu wa usalama. Ngoja niandike vyote sehemu moja maana kwa hapa kwetu ukijibu moja ukaacha lingine umemdanganya mtu.

Ndege yenyewe kwanza. Ni ya povu gumu, mabawa kama sentimita 75 toka ncha hadi ncha, propela iko mbele, rimoti ya 2.4 GHz, betri ndogo ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili, na ndani ina jairo, yani kile kidude kinachoisawazisha yenyewe upepo ukiisukuma. Jina la kampuni silitaji kwa sababu hii ndege inauzwa kwa majina kibao, ukibandua stika ni ileile, toka China. Hadi inanifikia mkononi na usafirishaji ilikaribia laki tatu, sio rahisi lakini kwa hii hobi ni bei ya chini kabisa, huko juu kuna watu wananunua injini tu kwa hela ya bodaboda.

Mimi hii kitu nilijifunzia Uingereza, Leicester, kwenye klabu ya wazee wastaafu wenye utani mwingi na bendera ya kupimia upepo. Kwa hiyo Dodoma kwangu ni nyumbani, lakini kwa upande wa kurusha ndege ni kama nimehamia nchi ya ugenini, sheria sizijui, uwanja sina, na wa kumuuliza hamna. Na ndio maana ile sentensi ya kwenye boksi iliniudhi. Wameandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba ndege iko chini ya gramu 250 kwa hiyo haihitaji kusajiliwa. Haihitaji wapi? Hawasemi!

Sasa hiyo 250 sio namba ya dunia nzima. Ni mstari waliojichorea Wamarekani, Waingereza na wale wa Umoja wa Ulaya kwenye sheria zao. Na hata huko kwao boksi linasema nusu tu. Marekani ndege ya burudani ya chini ya hapo kweli haisajiliwi FAA, yani mamlaka yao ya anga, lakini mrushaji bado anatakiwa awe amefanya ule mtihani wao wa bure wa mtandaoni unaoitwa TRUST, hata kama ndege yake ina uzito wa andazi. Uingereza ndio kabisa, kuanzia 1 Januari 2026 wameshusha, ukirusha kitu cha gramu 100 kwenda juu lazima uwe na Flyer ID, yani namba ya utambulisho wa mrushaji, na kuipata unafanya mtihani. Maana yake boksi langu limeshapitwa na wakati hata kwa wenye namba yao, mimi wa Dodoma nitaliegemeaje?

Hapa Tanzania mwenye anga ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kanuni za vyombo visivyo na rubani ndani ziko tangu 2018. Alafu kuna mlango wa pili ambao wageni wengi hawaufikirii, Wizara ya Ulinzi na JKT, nako kibali kinahitajika. Watu wanasema hizo ni za droni za kamera. Hapana bwana, chombo kinachoruka angani huku rubani kasimama chini na rimoti, kiwe na mabawa au na propela nne, kwa watu wa anga ni ukoo mmoja, kamera haihusiki. Mimi kwenye barua yangu ya kuomba kibali niliweka picha za ndege pande zote, uzito wake ikiwa na betri, masafa ya rimoti, mahali ninapotaka kurushia, na nikaandika wazi kwamba ni burudani, hakuna picha inayopigwa wala biashara. Panga kuwa na subira, na kama ndege bado hujaagiza basi uliza kwanza ndio uagize, maana mzigo ukishatua bila karatasi maelezo yanakuwa marefu.

Na Dodoma sio mji wa kubahatisha jamani. Hebu piga picha ramani kichwani. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa, Bunge lipo hapo, Mtumba mji wa serikali, Chamwino Ikulu, Msalato uwanja mpya wa kimataifa. Ukizungusha duara kila sehemu nyeti utaona hata ile nafasi nzuri nzuri ya maeneo ya UDOM, chuo kikuu chetu, inaanza kuonekana sio nafasi tena. Mtu wa Leicester anaendesha dakika ishirini yupo klabuni, mimi naamka alfajiri nashika barabara ya Singida.

Kabla sijafika huko niwape ya wakala. Kuna kijana anajitangaza mjini hapa kwamba anashughulikia vibali vya droni, nikamfuata, ofisi nzuri, ac inapuliza. Akaiangalia ndege akacheka.

"Kaka hii toi tu hii. Tunaandika toi ya mtoto, unarusha hata pale uwanja wa Jamhuri, hamna wa kukuuliza."

"Na nikiulizwa?"

"Utanipigia."

Hiyo "utanipigia" aliitajia bei ambayo ningenunua ndege ya pili na chenji ikabaki. Huduma yake naipa sifuri. Na hilo neno toi ndio linaponza watu, kisa ni povu. Ramani ya Zanzibar, ule mradi ulioanza 2016, picha zake zilipigwa kwa ndege za povu za eBee ambazo hata kilo moja hazifiki, na waliokuwa wanazirusha walikuwemo wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Povu lilelile. Hamna aliyeziita toi.

Haya, kuruka. Hapa sasa ndio hela yangu naiona.

Narushia kwenye shamba la shemeji yangu upande wa Bahi, tambarare, jirani wa karibu ni ng'ombe. Siku ya kwanza nilipita kwa mtendaji wa kijiji na karatasi zangu, shikamoo, nikaeleza, akazisoma zote taratibu mpaka mihuri akaigusa kwa kidole, alafu akauliza swali moja tu, "Haipigi picha za watu?" Nikamwonyesha tumbo la ndege, hamna jicho lolote. Akasema sawa ila na yeye anakuja kuangalia. Akaja na mzee mmoja wa pale, tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi mbukwenyi, wakakaa chini ya mbuyu na mimi nikapata hadhira ambayo sikuiomba.

Mwongozo wa ndege unasema inapaa kwa kurushwa na mkono, nusu moto, yani nusu ya nguvu ya mota, inatosha. Kwa Dodoma nusu haitoshi. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, na jua likishapanda inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo propela inakamata hewa kidogo na bawa linataka mwendo zaidi ndio libebe. Huku unaweka moto wote, unaitupa mbele sawasawa bila kuinua pua, unaiacha ikimbie kwanza chini chini mita kadhaa alafu ndio unavuta kijiti ipande. Ukivuta mapema inainamisha bawa moja na kulala. Kutua vilevile, inakuja kwa kasi kuliko unavyoona kwenye video zao, anza kushuka mbali.

Ila ikishakuwa juu, aisee. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi upepo umelala, ndege nyekundu juu ya shamba la mtama lililokwisha vunwa, inazunguka inaimba ka sauti kama ka nyuki, unapunguza moto inaelea yenyewe, unaona kivuli chake kinakimbia ardhini kinapita kwenye migongo ya ng'ombe na wala hawajali. Jairo ina ngazi tatu, ile ya kwanza hata mtoto wa darasa la tano ataimudu kwa sababu ukiachia vijiti inajinyoosha, ya kati ndio naitumia mimi, ya tatu inazima msaada wote na hapo unahitaji mikono. Mzee aliniuliza kama inaweza kufukuza kwelea kwelea. Nikamwambia kwa dakika nane za betri watakaa mtini waisubiri iishe wakaendelee kula. Akacheka sana.

Mwisho saa tatu asubuhi, sikutanii. Kuanzia hapo upepo wa mashariki unaamka, na miezi ya Agosti mpaka Oktoba kuna chamchela, ile mizunguko ya vumbi, ikiipata ndege ya uzito huu jairo haina la kusema. Ukiona jani linazunguka peke yake shambani, shusha.

Uimara naupa saba kwa kumi. Povu ni la aina inayonepa, ikidondoka kwenye nyasi inadunda. Adui ni miiba ya migunga, bawa langu la kushoto lina matundu kama chujio na kila tundu nimeziba kwa gundi ya moto na selotepu. Supagluu za dukani jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, lile povu jeupe la kufungia tv inalila kama tindikali, hili la ndege yangu linavumilia lakini sio zote.

Na hapa ndio utamu wa ile sentensi ya boksi. Siku moja nikaipeleka kwa muuza viungo soko la Majengo, ana mizani ya dijitali ya kupimia iliki, nikaomba aniwekee ndege pale juu ikiwa na betri yake ndani. Mpya ilikuwa na 236. Sasa hivi na magundi yangu yote ikasoma 258. Huko kwao kinachohesabiwa ni uzito wa kitu kinachopaa, betri ikiwemo na viraka vikiwemo, kwa hiyo ndege ileile inaondoka kiwandani haihitaji usajili na baada ya miiba michache inauhitaji, na boksi bado linatabasamu kabatini. Mimi kwenye barua niliandika "chini ya gramu 300" ili nipate pumzi, nawashauri mfanye hivyohivyo.

Rimoti ni ya kawaida, plastiki nyepesi, inatumia betri nne za AA, zile za bei poa zinakufa haraka na hutaki rimoti ife ndege ikiwa juu, nunua nzuri. Umbali wanasema mita 200, mimi sivuki 150 kwa sababu macho ndio yanaishia hapo, na ndege usiyoiona inaelekea wapi hiyo sio yako tena.

Betri iliyokuja ni moja tu, agiza mbili za nyongeza na propela angalau nne, hapa mjini sijaziona popote. Usiziache lipo ndani ya gari mchana, gari likisimama juani Dodoma ndani ni oveni na zikivimba ndio basi, usitoboe. Nyumbani nazihifadhi zikiwa na volti 3.8 kwa kila seli, sio zimejaa wala hazijaisha. Na kama unakuja nazo kwa ndege kutoka nje, ziwe kwenye begi la mkononi, ncha zake umezifunga tepu, hizi ndogo ziko mbali sana na kikomo cha Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) kwa hiyo hamna mjadala, ila ukizitia kwenye begi la chini utaitwa jina kwenye spika.