Kozi ya washauri wa shule kuhusu wanafunzi wanaojidhuru: nzuri, ila mada ya wazazi imepwaya

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya washauri wa shule kuhusu vijana wanaojidhuru na naipa nyota nne, zingekuwa tano kama wasingeikimbiza ile mada ya wazazi.

Kilichonigusa zaidi ni walivyoivunja ile kauli ya "huyu anatafuta kiki tu". Yani wanaonyesha vizuri kabisa kwamba wengi wanaficha, anavaa mikono mirefu kwenye joto, hataki kubadili nguo za michezo mbele ya wenzake, na sababu ambayo vijana wenyewe wanaitaja sana ni kutuliza maumivu ya moyoni yaliyowazidi, wengine wanajiadhibu, wengine wamekufa ganzi wanataka angalau wahisi kitu. Mara nyingi inaanza kwenye miaka 12 hadi 14 hivi, na tafiti zikijumlishwa zinatoa kama asilimia 17 ya vijana waliowahi kujidhuru bila nia ya kufa. Sasa chukua darasa la watu 40 upige hesabu! Wavulana nao wamo, ila mvulana akipiga ukuta ngumi hadi avimbe tunamwita mkorofi basi yameisha, na hapo washauri wengi tunapitwa.

Mada ya kujiua imefundishwa kwa umakini. Kujidhuru siyo sawa na kujaribu kujiua, lakini anayejidhuru ana hatari kubwa zaidi ya kufika huko baadaye, kwa hiyo unamuuliza wazi wazi kama anafikiria kufa, na kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Akikujibu ndiyo na ana mpango, humwachi peke yake hata dakika, unatafuta msaada wa dharura hapo hapo.

Halafu wanasema usimsainishe mtoto karatasi ya kuahidi hatarudia, na mimi nawaunga mkono asilimia mia, hakuna ushahidi kwamba hizo ahadi zinamlinda na akirudia anaanza kukukwepa kwa aibu. Badala yake unatulia, usoni usionyeshe kushtuka wala kuchukizwa, unauliza kwa upole kile kidonda kinamsaidia nini, ndo mengine yanafuata. Tiba yenyewe wanakuelekeza umpe rufaa kwa mtaalamu, na wamemtaja Marsha Linehan aliyeanzisha DBT, yani tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzimudu hisia kali, ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alijidhuru akiwa kijana. Hiyo sehemu nimewasimulia wenzangu wote ofisini.

Sasa wazazi, aisee. Wameandika "mshirikishe mzazi" wakapita, wakati hapo ndo pagumu kuliko pote, mtoto anakuomba usiseme, mzazi akijua anaweza kumchapa, mkuu wa shule anataka jina na ripoti. Nilitaka mazoezi ya kuigiza hayo mazungumzo, hasa jinsi ya kumwambia mwanafunzi tangu mwanzo kipi kitabaki siri na kipi hakiwezi kubaki, maana ukimwambia baada ya yeye kufunguka anaona umemsaliti na kesho hakanyagi tena kwako. Video zenyewe zinasikika vizuri na maswali ya mwisho siyo ya kukariri.

Mshauri mpya achukue tu, ila kabla hajakutana na mzazi yeyote akae na mshauri mzoefu wapange maneno.