Kibodi ya kujiundia: uchague mpangilio gani kabla hujatuma hela

Wakuu, kwa wote mnaotaka kujiundia kibodi ya mekanikali, anzeni na mpangilio wa vitufe, msianze na swichi (vile vidude vilivyo chini ya kila kitufe). Swichi zikikuchosha unachomoa unaweka zingine (ukinunua bodi yenye soketi huhitaji hata kulehemu), kepu (vile vifuniko vya vitufe) unabadili muda wowote, waya ndo kabisa, ila mpangilio umeshakatwa kwenye bodi, kwenye pleti inayoshika swichi na kwenye kava, ukiuchoka huo unanunua kibodi upya. Na sisi wa huku Dodoma mzigo mpaka utoke China ushuke Dar upande basi uje huku, ushasubiri wiki kadhaa na nauli ushalipa, kwa hiyo inauma.

Mipangilio hii nimeipanga kwa kuangalia mambo mawili tu: kazi unayofanya kila siku, na urahisi wa kupata kepu zinazoingia. Hilo la pili watu wengi hawalifikirii kabisa. Vitufe hupimwa kwa yuniti, yuniti moja ni mm 19.05 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kinachofuata, spesi ya kawaida ni yuniti 6.25, Shifti ya kulia ya kawaida ni 2.75. Mpangilio ukiwa na vipimo tofauti na hivyo, seti ya kepu ya bei rahisi inaweza ikafika na vitufe viwili vitatu havina cha kuvalishwa.

Namba moja kwangu ni TKL, ile ya vitufe 87, yani kibodi kamili ukiondoa pedi ya namba. Upana wake ni kama sm 36 wakati kamili inafika kama 44, hizo sentimita 8 ndo nafasi ya mausi, na kwenye meza za hosteli pale UDOM au meza ya ofisini iliyojaa mafaili utaiona tofauti siku hiyohiyo. F zote zipo, mishale imekaa peke yake, Home na End na Delete unazipata bila kuangalia, na karibu kila seti ya kepu inayouzwa inaingia. Mtu wa Excel anajua F2 ya kuhariri seli na F4 ya kuweka zile alama za dola kwenye fomula, sasa zikiwa zimefichwa chini ya Fn kila mara unatumia vidole viwili, mchana mzima, utachoka. Ukihitaji namba siku moja moja nunua pedi ya namba ya pembeni, tena iweke kushoto, mkono wa kulia ubaki na mausi.

Namba mbili ni ya 75 (hizi namba ni asilimia ya kibodi kamili, kwa makadirio). Vitufe 82 mpaka 84 hivi, F zipo, mishale ipo, ila vyote vimebanwa pamoja upana unashuka karibu sm 32, inaingia kwenye begi la laptop vizuri, kwa mtu anayepanda SGR kila wikiendi kwenda Dar na kurudi hii ndo ningemwambia achukue badala ya TKL. Tatizo ni Shifti ya kulia, imefupishwa kuwa 1.75 ili mishale ipate nafasi, na kepu za vile vitufe vya kulia kabisa hutofautiana umbo kwa kila safu, kwa hiyo kabla ya kununua kepu hakikisha picha ya seti inaonyesha Shifti fupi. Na kama umeizoea kamili, chagua ile ambayo mishale na F zimeachiwa kanafasi kadogo, kidole kinajua kimefika wapi.

Ya tatu ni ya 96, wengine wanaiita 1800, ina pedi ya namba lakini imesukumwa kwa ndani. Hii nimeiweka ya tatu kwa watu wote, ila kama we ni mhasibu, au unakaa kaunta unaingiza namba za NIDA za watu siku nzima, bas kwako ni namba moja na usisikilize mtu. Namba ya NIDA ni tarakimu 20, kontrol namba nazo ndefu, huwezi kuwa unapiga hizo kwa safu ya juu kutwa nzima halafu mtu akuambie kibodi ndogo inapendeza zaidi. Sifuri ya pedi mara nyingi imefupishwa, iangalie kabla hujalipa.

Ya nne ya 65. Herufi, namba, mishale na vitufe vichache pembeni, hakuna F. Kwa mwandishi, mwanafunzi wa ripoti na insha, mtu wa kuchati, inatosha kabisa na inapendeza mezani. Kwa mtu wa Excel sikushauri.

Ya 60 ni vitufe 61, mishale imeondoka. Ina faida moja kubwa kwa mwenye bajeti ndogo: kava na bodi nyingi za 60 zinafuata matundu yaleyale ya skrubu, kwa hiyo unaweza kuanza na kava la plastiki afu ukaja kuhamia la alumini bila kubadili bodi, kwenye TKL na 75 kava la kampuni moja mara nyingi halikai bodi ya nyingine. Lakini nunua bodi inayokubali programu ya VIA au QMK, ili mishale uiweke unapotaka wewe, bila hivyo utateseka.

Alice, ile iliyopinda katikati, mikono inakaa vizuri na kama viganja vinauma ifikirie kwa uzito, ila spesi yake imegawanywa mara mbili na kepu za hivyo ni za kutafuta.

Ya 40 naiweka mwisho na nina sababu ya Kiswahili. Haina safu ya namba, na nyingi alama ya ' unaipata kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Sasa we unaandika ng'ombe, ng'oa, na ukiwa Dodoma unaandika Chang'ombe, unaandika Ng'hong'hona, alama hiyo tunaihitaji kila siku. Kuanzia 60 kwenda juu ipo palepale karibu na Enta. Ukiipenda ya 40 kwa nguvu zote, Q na X Kiswahili hakizitumii, unaweza kuhamisha moja kwa programu ukaweka ' hapo, ila kumbuka nywila na barua pepe bado zinazihitaji.

Kuna na suala la Enta. Laptop nyingi za mtumba kutoka Uingereza zina Enta ndefu ya wima, hiyo ndo ISO, na @ imebadilishana na alama ya nukuu, huo ni mpangilio wa Uingereza. Kwa kujiundia chukua ANSI, Enta ya kulala, kepu zake ni nyingi zaidi na Kiswahili hakina herufi zenye alama juu za kuhitaji kitufe cha ziada. Kwenye Windows weka US ya kawaida, usiweke US International, maana hiyo ukipiga ' inasubiri irabu inayofuata, Chang'ombe inatoka Changómbe na ripoti nzima unairudia.

Kabla hujatuma hela muulize muuzaji vitu hivi: spesi ni 6.25 au 7, Shifti ya kulia ni ngapi, bodi ni ya soketi au ya kulehemu, inakubali VIA au haikubali, na stebilaiza (vidude vinavyoshika vitufe virefu visiyumbe) zimo au unanunua pembeni. Akishindwa kukujibu la spesi na Shifti, tafuta mwingine.