TAHADHARI: Mikoba ya "ngozi halisi" ya kukatiza kifuani inayouzwa mtandaoni, hasa kwa mlioko mikoani

Ndugu zangu, mwisho wa mwezi umekaribia na oda zitaanza kumiminika, kwa hiyo naomba mlisome hili kabla hamjatuma hela.

Kuna ukurasa wa Instagram unaouza mikoba midogo ya kukatiza kifuani, ya kahawia na nyeusi, kwa shilingi 85,000, na kila picha imeandikwa "ngozi halisi, inadumu miaka". Si ngozi. Ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, na ndani ya mkanda mna kadibodi. Mimi ni fundi wa mikoba hapa Dar es Salaam, wateja wananiletea niwashonee, na nimeifumua kwa mikono yangu. Jina la ukurasa silitaji kwa sababu limeshabadilishwa zaidi ya mara moja. Ukilikariri la leo, kesho watakuja na jingine na picha zilezile. Kariri mwenendo wao.

Wanaanza kwa kukuambia bei ni 180,000 ila kwa leo tu ni 85,000, na mikoba imebaki michache. Ukiuliza duka liko wapi, jibu ni "tuko Kariakoo, ila tunauza kwa oda tu". Ukitaka kwenda kuuona mkoba, stoo imefungwa, au muuzaji yuko safarini. Kisha unaombwa nusu ya hela kama kianzio, si kwa Lipa Namba ya biashara bali kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri halifanani na jina la unayechati naye. Hapo pekee panatosha kukusimamisha.

Wa Dar angalau wanaletewa na boda, ingawa wanaambiwa walipe kwanza ndipo wafungue mfuko. Wa mikoani ndio wanaopigwa vibaya. Unalipa yote pamoja na nauli ya basi, mzigo unafika stendi Mbeya au Mwanza umefungwa kwa gundi kama kifurushi cha dawa, unaufungua nyumbani, unapiga simu kulalamika, na hapo unakuta umeshablokiwa. Mteja wangu mmoja, dada mwalimu, alinunua miwili, wake na wa mama yake. Wa mama ulikatika mkanda sokoni, na simu iliyokuwa ndani ikaanguka na kupasuka kioo. Limeniuma sana, maana aliyeibiwa hapo alikuwa anatafuta kitu cha kudumu.

Na hicho ndicho matapeli hawa wanachokitumia. Watu wanaupenda mkoba huu kwa sababu za kweli. Ukipanda daladala umeuweka kifuani mbele ya macho yako, mikono yote miwili imeshika bomba. Kwenye bodaboda hauchomoki kirahisi kama ule wa begani. Unaendana na gauni la kazini, dera na jinzi, na wanaume siku hizi wanauvaa bila wasiwasi. Matarishi walibeba barua hivyohivyo, mkanda ukikatiza kifua, muda mrefu kabla haujawa fasheni. Na ukiwa wa ngozi kweli, kila mwaka unazidi kupendeza: unalainika, rangi inakolea pale mkono unapogusa, mikwaruzo inazama ndani. Nendeni Karume kwenye mitumba mkachambue kwa subira. Mara mojamoja hutokea Coach ya zamani, ya miaka ya 1970 au 1980, haina hata bitana ndani, na ngozi yake bado nzima. Kampuni hiyo ilianza New York mwaka 1941, na mwaka 1962 ikamwajiri mbunifu Bonnie Cashin, ndiye aliyeleta kile kifungo cha shaba cha kuzungusha ambacho leo kinaigwa na kila mtu, pamoja na hawa ninaowasema. Mtu akishauona mkoba wa namna hiyo kwa shangazi yake, akiambiwa mpya ni 85,000 anaona amepata bahati.

Sasa niwaeleze kilichomo ndani, maana hapa ndipo mtajua kwa nini hauwezi kudumu. Ngozi ya mnyama ni nyuzi zilizosukana pande zote, ndiyo maana ukiitoboa tundu la kifungo haichaniki. Kuilainisha na kuizuia isioze ni kazi: wengine hutumia chumvi za kromiamu, wengine maganda ya miti. Hapa kwetu Njombe miwati imelimwa miaka mingi kwa ajili ya dawa hiyo ya magome. Plastiki hii haina nyuzi. Ni tabaka jembamba la poliyurethani juu ya kitambaa, na adui yake mkubwa ni joto na unyevunyevu, vitu ambavyo Dar, Tanga na Zanzibar tunavyo mwaka mzima. Unyevu wa hewa unalivunjavunja tabaka hilo polepole hata kama mkoba umekaa kabatini haujavaliwa. Unaanza kunata, kisha unabanduka vipandevipande na kuchafua nguo. Wateja huniuliza kama naweza kuupaka kitu ukarudi. Siwezi, na hakuna fundi anayeweza. Akikuambia anaweza, naye anataka hela yako.

Mahali pa kwanza kufa ni mkanda. Mkoba wa kukatiza unabebwa na mkanda mmoja tu, uzito wote wa simu, pochi, chupa ya maji na chaja unaning'inia kwenye pete mbili za pembeni. Mkanda wa ngozi nzuri ni kipande kimoja kinene, au vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa mgongo kwa mgongo. Hii niliyoifumua imekunjiwa kadibodi katikati ili ionekane minene. Ikilowa mvua mara moja, kadibodi inavimba na uzi unakata plastiki.

Msidanganyike na video ya kiberiti. Wanawasha moto kwenye kipande, hakiungui, wanasema mnaona. Kipande kile si mkoba utakaoletewa. Hata ngozi halisi iliyopakwa rangi nzito hutoa harufu ya plastiki kidogo ikichomwa, kwa hiyo jaribio lenyewe halina maana, na ukilifanya kwenye mkoba mpya utakuwa umeuharibu na hawatakurudishia hela. Harufu pia si ushahidi, kuna dawa ya kupulizia inayonukia ngozi. Hata muhuri wa maandishi ya Kizungu unaosema ni ngozi halisi usikutulize: kuna mabaki ya ngozi yanayosagwa, yakachanganywa na gundi na kubanwa kuwa karatasi, na wauzaji wanayaita ngozi bila aibu.

Angalia ncha. Tafuta sehemu iliyokatwa: mwisho wa mkanda, tundu za kifungo, ukingo wa mfuniko kwa ndani. Ngozi inaonyesha nyuzi laini kama za suedi, rangi moja toka juu hadi chini au inayofifia taratibu. Bandia utaona mstari wa kitambaa chini ya tabaka jembamba la plastiki. Kama ncha zote zimepakwa rangi nzito ya mpira usione kitu, omba video ya tundu za mkanda kwa karibu, mchana, zikifunguliwa kwa ukucha, huku akilitaja jina lako. Muuzaji mkweli atairekodi. Hawa watakuambia "dada, kama huniamini basi".

Kuhusu bei, fikirieni wenyewe: ngozi inauzwa kwa futi za mraba, na mkoba mdogo unakula futi tatu nne ukihesabu mkanda na vipande vinavyotupwa. Ongeza uzi, zipu, pete, na kazi ya fundi. Siwezi kushona wa ngozi nzuri kwa hela hiyo na nikabaki na chochote, na mafundi wenzangu watakuambia vilevile.

Aliyekwisha tapeliwa afanye haya leo, asisubiri kesho. Piga 100 uongee na huduma kwa wateja wa mtandao wako, eleza muamala ulivyokuwa, maana hela ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Meseji zao za kuomba hela zitume kwenda 15040, ndiko namba za matapeli zinakoripotiwa. Usifute chati, hifadhi picha za skrini pamoja na muamala, nenda kituo cha polisi uchukue RB. Udanganyifu wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Usione aibu kwa sababu ni hela ndogo. Wanaishi kwa hizo hela ndogo ambazo hakuna anayezifuatilia.

Na kama umelipa kianzio tu na mzigo uko njiani, usimalizie salio. Ufungue mbele ya boda, uangalie mkanda na tundu zake, na ukikuta kadibodi mrudishie hapohapo. Msimpigie kelele boda. Amepewa mfuko uliofungwa na nauli ya safari moja, naye mara nyingi anaachwa hajalipwa.